Saini ya Mlezi ni Ushahidi



Kila Jumamosi baada ya Swala ya Adhuhuri, kwenye uwanja mdogo ulio baina ya nyumba za Majengo, Pumwani, watoto ishirini na kitu hukusanyika wakiwa wamevaa skafu shingoni. Baadhi yao wana sare kamili. Wengine wana shati la shule na skafu tu, na hilo halimzuii mtu. Huketi makundi makundi. Kundi moja hufunga na kufungua mafundo ya kamba. Jingine hufungana bandeji mikononi. Jingine humzunguka mama mmoja anayewaonyesha namna ya kuwasha jiko la makaa pasi na kuujaza ua moshi. Kwa mbali husikika nyundo za mafundi wa mabati wa Kamukunji, wala hakuna anayezihesabu kuwa ni kelele.

Jamaa zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaokuja kututembelea hutukuta hapo, na swali lao ni moja: mnapata nini? Jibu fupi ni kwamba hatupati kitu. Hatulipwi, na nauli tunajitolea wenyewe. Jibu refu ndilo lililotufanya tuandike makala haya, kwa sababu ndani yake mna kosa tulilolifanya, na mna funzo ambalo tunaona si haki kulificha.

Majengo na Pwani

Huenda msomaji aliyeko Pwani akaona mitaa ya Eastlands ni mbali naye. Si mbali. Nairobi ilipokuwa changa, miongoni mwa vijiji vya Waafrika vilivyouzunguka mji mlikuwamo kimoja kilichoitwa Mombasa, na kingine kilichoitwa Pangani. Wakazi wake wengi walikuwa Waislamu: wachukuzi wa misafara, askari, wafanyabiashara wadogo, na wanawake waliojijengea nyumba zao wenyewe. Vijiji hivyo vilipobomolewa, watu walihamishiwa Pumwani kuanzia miaka ya 1920, na wale wa Pangani wakaletwa Shauri Moyo mwishoni mwa miaka ya 1930. Jina la Kariokor, mtaa jirani, ni kumbukumbu ya wachukuzi waliobebeshwa mizigo ya jeshi katika Vita Vikuu vya kwanza. Kwa hiyo Kiswahili cha Majengo hakikuja na basi la jana. Adhana inasikika hapa tangu zama za mababu, na mahamri na mbaazi ni chakula cha asubuhi hapa kama huko.

Lakini mtoto wa leo wa Majengo, Kaloleni, Jericho au Kayole hukulia mahali pasipo na nafasi. Uwanja ni mdogo, chumba ni kimoja, na jiko limo humo humo mnamolaliwa. Nyaya za umeme zimeningʼinia, na soko la Gikomba lililo karibu nasi limeungua mara nyingi. Katika moto wa Juni 2018 walifariki watu zaidi ya kumi. Hapa, mtoto kujua la kufanya mtu anapoungua si mchezo wa kambini.

Skauti ni nini, na mlezi ana kazi gani

Harakati ya skauti ilianzishwa na Mwingereza aliyekuwa mwanajeshi, Robert Baden-Powell, kwa kambi ya wavulana aliyoifanya katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907. Mwaka 1910 harakati hiyo ilikuwa imekwisha kufika Kenya. Mwenyewe alikuja kuishi Nyeri mwaka 1938, akafariki huko tarehe 8 Januari 1941, na maskauti hulizuru kaburi lake kila mwaka katika mwezi wa Februari. Hapa kwetu Chama cha Skauti cha Kenya kina makao yake katika kambi ya Rowallan, karibu na Jamhuri, upande wa pili wa jiji. Watoto wamepangwa kwa umri: Sungura ndio wadogo, kisha Chipukizi, kisha Mwamba, na Jasiri ndio vijana wakubwa.

Kila skauti, pamoja na mafunzo ya jumla, anaweza kutafuta beji za ustadi. Beji ni kipande kidogo cha kitambaa kinachoshonwa kwenye sare, na kila kimoja kina jambo lake: huduma ya kwanza, upishi, ushoni, kusoma ramani, kutunza mazingira, na mengineyo. Mtoto hapewi beji kwa kuhudhuria. Hupewa kwa kuonyesha kwamba analiweza jambo lile.

Hapo ndipo anapohitajika mtu mzima wa kujitolea. Walimu wa shule hubeba mzigo mkubwa wa kuviendesha vikosi, lakini mwalimu mmoja hawezi kuwa fundi cherehani, muuguzi, mpishi na fundi umeme kwa pamoja. Ujuzi huo umo mitaani. Yumo mama anayepika mahamri tangu alfajiri, na vipimo vyake haviandikwi popote. Yumo fundi wa Gikomba anayeweza kuligeuza koti la mtu mzima likawa la mtoto. Yumo muuguzi aliyestaafu, ambaye majirani humgongea mlango usiku. Kazi ya mlezi wa beji ni kumchukua mtoto aliye tayari kujifunza, kukaa naye wiki kadhaa, kisha kuandika jina lake kwenye karatasi na kusema: huyu anajua.

Maneno hayo mawili, tulikuja kuona, ni mazito kuliko tulivyodhani.

Kosa letu

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukifundisha huduma ya kwanza kwa Chipukizi wanane. Mafunzo yalikuwa ya Jumamosi nne. Mmoja wao, kijana wa miaka kumi na mitatu, alikosa mbili, kwa sababu alikuwa akimsaidia mama yake kupanga mitumba sokoni. Siku ya sherehe ya kukabidhi beji ilikaribia, na wazazi walikwisha alikwa. Baba yake akaja kutuona baada ya Magharibi. Alikuwa mpole, wala hakutoa hongo. Alisema tu, "Mwalimu, mfanyieni wepesi mwanangu. Wenzake wote watavishwa, na yeye atabaki amesimama."

Tukamwita kijana, tukamuuliza maswali matatu. Mawili aliyajibu vyema. La tatu lilihusu mtu aliyemwagikiwa na kitu cha moto. Akasita. Sisi wenyewe tukamtajia jibu, naye akalirudia baada yetu kama mwenye kuitikia dua. Tukatia saini. Siku ya sherehe alivishwa, mama yake akapiga vigelegele, nasi tukajiona tumetenda wema.

Haukupita mwezi wa pili. Dada yake mdogo, mtoto wa miaka mitatu, alivuta sufuria ya uji iliyokuwa jikoni, ikammwagikia mkono. Mama alikuwa sokoni. Majirani walikuja mbio, na kila mmoja alikuwa na dawa yake: huyu akasema unga, huyu akasema yai. Lakini walipomwona kijana mwenye beji wakamwachia nafasi, wakasema, "Huyu kasomea." Kijana akachukua dawa ya meno, akampaka mtoto mkono mzima.

Mtoto alipofikishwa zahanati, muuguzi alikuwa na kazi ndefu ya kuitoa dawa ile kwenye ngozi iliyochubuka, na kilio chake kilisikika hadi nje. Alhamdulillah, alipona, ingawa kovu limebaki. Jumamosi iliyofuata kijana alikuja mapema kuliko wote. Hakulalamika. Alisema, "Mwalimu, mlisema najua." Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa na beji, aliyoifumua mwenyewe kwa wembe.

Hatukuwa na la kumjibu ila kumwambia kweli: kosa si lako, ni letu.

Saini ni shahada

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurʼani Tukufu imo katika Surat al-Baqara, nayo inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Tuliisoma tangu chuoni, lakini hatukuwahi kuihusisha na karatasi ya skauti. Ikiwa fedha ambayo yaweza kulipwa imewekewa mashahidi kwa maelezo marefu namna hiyo, vipi kuhusu ushahidi unaowafanya majirani wamwachie mtoto wa miaka kumi na mitatu mkono wa mtoto mwenzake ulioungua? Na katika Surat an-Nisaa tumeamrishwa tuwe mashahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Basi huruma kwa baba mpole si udhuru. Tulidhani tumemhurumia kijana, kumbe tulimwacha peke yake siku aliyomhitaji mtu.

Watu wa Pwani mna mizani ya jambo hili majumbani mwenu. Mtoto wa chuo havushwi juzuu kwa kuwa wenzake wamevuka. Hukaa mbele ya maalimu, akasoma, akakosea, akarudishwa, akasoma tena. Mwanazuoni hatoi ijaza kwa sababu mgeni ameshaalikwa na pilau imekwisha pikwa. Hutoa baada ya kuridhika, kwa kuwa jina lake na majina ya masheikh wake yamo katika silsila hiyo. Kumwambia mwanafunzi "bado" hakukuwa kumdhalilisha. Kulikuwa ni kumwambia kwamba safari yake ina mwisho na kwamba mwalimu yupo, anamngoja.

Tangu siku ile tumejiwekea kanuni chache. Ya kwanza, anayefundisha siye anayetahini. Mtoto hupelekwa kwa mlezi mwingine, asiyeujua udhaifu wake wala baba yake. Ya pili, mtihani haufanywi siku ya somo la mwisho. Hufanywa baada ya wiki nne au zaidi, kwa sababu kinachokumbukwa kesho si lazima kikumbukwe mwezi ujao. Ya tatu, mtoto hufanya kwa mikono. Hatutosheki na maneno. Ya nne, kabla ya beji humfundisha mtoto mwingine mdogo wake jambo lile lile, nasi hukaa kando tukimsikiliza. Na ya tano, hatupangi sherehe kwanza ndipo tukatafuta wa kuvishwa.

Tulibadilisha pia mafunzo yenyewe. Mafunzo ya kuungua husema: poza jeraha kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini, vua pete na nguo isiyogandia, usipake kitu, funika kwa kitambaa safi, mpeleke mgonjwa hospitali. Ni maneno sahihi. Lakini mtaani kwetu bomba hukauka siku nzima, na maji hununuliwa kwa mtungi. Mtoto anayeambiwa "maji yanayotiririka", na nyumbani hana bomba, ataona jambo hili si lake, na mkono wake utakwenda kwenye dawa ya meno. Kwa hiyo tulikaa na watoto tukapima. Mtungi wa lita ishirini, ukimiminwa lita moja kila dakika, yaani vikombe vinne vidogo, unatosha dakika ishirini kamili. Mmoja ashike mkono wa mgonjwa juu ya beseni, mwingine amimine taratibu, wa tatu atazame saa. Watoto walilirudia jambo hilo hata wakachoka, na wengi walishangaa jinsi dakika ishirini zilivyo ndefu. Hilo peke yake lilikuwa somo.

Hofu za wazazi

Wazazi wa Kiislamu hutuuliza mambo manne, na ni haki yao.

La kwanza ni dini. Ahadi ya skauti huanza na wajibu wa mtu kwa Mungu, na kila mtoto huutimiza kwa dini yake. Kambini, watoto wetu huadhini na kuswali jamaa. Tumeona kwamba hilo huwa rahisi panapokuwapo mlezi Mwislamu aliyelipanga mapema pamoja na viongozi wenzake: saa za swala, maji ya udhu, nyama iliyochinjwa kwa sharia. Pasipo na mtu huyo, mtoto hubaki akiona haya kuomba ruhusa. Anayesema skauti si mahali pa Waislamu atazame kwanza kama yeye mwenyewe amekwenda kulitengeneza.

La pili ni mabinti. Skauti nchini Kenya inapokea wavulana na wasichana. Binti anaweza kuvaa hijabu pamoja na skafu yake, na kambini hulala mahali pao wakiwa na viongozi wa kike. Lakini viongozi hao hawatoki mbinguni. Kina mama wasipojitolea, mabinti wetu hawatakuwa na wa kuwalea huko, na mlango tutakuwa tumewafungia sisi.

La tatu ni usalama, nalo tunaliomba lisichukuliwe kwa wepesi hata mlezi awe ni mtu wa safu ya mbele msikitini. Mtu mzima asikae faraghani na mtoto mmoja; daima wawepo watu wazima wawili. Asimwandikie mtoto ujumbe wa siri kwenye simu. Awe na cheti cha tabia njema kutoka polisi, na awe tayari kuulizwa. Mlezi anayechukizwa na maswali ya mzazi amekwisha jijibia mwenyewe.

La nne ni asili ya harakati, kwamba iliasisiwa na askari wa dola iliyotutawala. Ni kweli, wala hatuna sababu ya kulificha jambo hilo. Lakini watoto wanaofunga kamba leo Majengo ni wetu, lugha wanayofundishiwa ni yetu, na kumsaidia jirani hatukukungojea kutoka Uingereza.

Wanaokuja na wanaobaki

Kuna jambo moja ambalo mtoto wa Eastlands hulijua mapema: wageni huja na kamera, hugawa kalamu, hupiga picha, huondoka. Kwa hiyo mlezi mpya hutazamwa kwa muda kabla ya kuaminiwa. Siku za mwanzo watoto hawamuulizi kitu. Humhesabu Jumamosi zake. Akifika ya tano au ya sita, ndipo mmoja atamwendea na kamba mkononi.

Yamo mfano mwema katika mitaa hii hii. Mwaka 1987 ilianzishwa huko Mathare jumuiya ya michezo ya vijana, na timu za mpira zilipata alama za ligi kwa kusafisha mitaro na kuzoa taka za mtaani. Jambo hilo limedumu kwa sababu kazi ya kila wiki ilifanywa kila wiki. Nasi tumefunzwa na Mtume wetu (s.a.w.) kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mola ni ile ya kudumu, hata ikiwa ndogo.

Kwa hiyo hatuwaombi wasomaji mambo makubwa. Una jamaa Nairobi aliye na ujuzi wa mikono na saa mbili za Jumamosi? Mwambie aende kwenye shule iliyo karibu naye, aulize kama pana kikosi cha skauti, ajitambulishe kwa mwalimu mlezi, akubali kuchunguzwa na kufunzwa. Asiahidi kila kitu. Aseme, "Nitafundisha ushoni kwa wiki nane," kisha azitimize zote nane. Na nyinyi mlioko Mombasa, Kilifi na Lamu, vikosi vipo huko pia, na maarifa ya bahari, ya kamba na ya upepo mnayo nyinyi kuliko sisi.

Yule kijana alirudi darasani mwanzo, kwa hiari yake, akakaa pamoja na watoto waliomzidi udogo. Baada ya miezi mitatu alitahiniwa na muuguzi asiyemjua. Alishindwa: alisahau kuvua pete. Hakuna aliyemtajia jibu. Mwezi uliofuata akarudi tena, na safari hii muuguzi alitia saini pasi na kumtazama yeyote kati yetu. Beji aliyovishwa ni ile ile aliyoifumua, maana tuliihifadhi katika karatasi yake. Sasa yeye ndiye anayewaonyesha Chipukizi wapya namna ya kumimina maji ya mtungi, na mtoto anapoharakisha humshika mkono na kumwambia, "Bado. Tazama saa."

Allah atujaalie tuwe mashahidi wa kweli kwa watoto wetu, na atutakabalie kilicho kidogo tunachokidumisha. Wabillahi tawfiq.